Maji Yaliyokwisha Subiri

2 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Nakuandikia barua kwa sababu ukipokea simu nasikia pampu tu, na mara ya mwisho ulisema "subiri kidogo" ukaniacha hewani nusu saa. Karatasi haina pampu. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Macho ya Baba yanakwisha. Ni presha ya macho. Daktari alimpima mwezi uliopita akanieleza kwamba kinachoondoka kwanza ni pembeni, katikati hubaki mpaka mwisho. Kwa hiyo anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Matone yatachelewesha tu, hayarudishi kilichokwenda. Nilimbana daktari anitajie muda, akasema huenda mwaka huu ukaisha bado anaona, huenda usiishe. Mimi nina duka la dawa. Kutwa nawafundisha watu kudondosha matone hayo hayo, na kumbe baba yangu amekuwa akigonga vikombe vya pembeni mwa meza kwa miaka miwili huku mimi namwambia aangalie anapoweka mkono. Sijajisamehe.

Hataki mtu ajue, na wewe kuliko wote. Alisema, "Povu akijua atakuja kunishika mkono kama ananipeleka kliniki ya watoto." Kwa hiyo hujui. Ukimwandikia, hujui kitu.

Sasa ombi langu. Unakumbuka alipokuja kwako miaka tisa iliyopita ukamwingiza kazini kwako kwenye maonyesho ya samaki, akasimama mbele ya lile tangi kubwa la matumbawe mpaka mlinzi akaja kumwambia wanafunga? Mpaka leo analisimulia. Alisema akistaafu atarudi na kiti chake mwenyewe akae mbele ya kile kioo wiki nzima. Amestaafu, na hatarudi tena. Alijikwaa mara mbili kituo cha mabasi, tangu hapo anasema hana hamu ya safari. Nataka nimletee bahari nyumbani aione wakati bado ana cha kuonea. Hilo tu ndilo ninalotaka mwaka huu.

Nimemwambia tangi ni la duka, la kuwatuliza wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi, ila litakaa sebuleni kwetu mpaka litulie. Nimemwambia nahitaji fundi bomba. Akajifanya kufikiria, kisha akauliza ovaroli yake iko wapi.

Tangi nimeshapata, la kioo, lita mia mbili na themanini. Nataka samaki kumi na mmoja: wa bluu wawili, wa manjano wawili, farasi wa bahari wawili, na wengine nimewachora nyuma ya karatasi hii kwa sababu majina siyajui. Na matumbawe ya kila rangi. Naomba orodha ya vifaa, na naomba liwe tayari mwisho wa Machi.

Mwanao,
Dozi


9 Februari

Mwanangu Dozi,

Marahaba. Nilisoma nikiwa nimekaa, kisha nikainuka nikaenda kusafisha tangi nililokuwa nimelisafisha asubuhi. Baba yako ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwa kunisukuma. Sina la kuandika zaidi juu ya hilo leo. Sijui kitu, kama ulivyoagiza.

Tuje kwenye orodha yako. Umealika harusi, mwanangu. Yule wa bluu huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu, lakini akikua anataka nafasi ya kukimbia, na kwako atakuwa anageuka geuka kama mtu aliyekwama kwenye lifti. Mfute. Wa manjano nao wafute. Farasi wa bahari wanakula polepole mno, wenzao watamaliza chakula kabla wao hawajaamua, kwa hiyo hao pia hapana. Hao uliowachora nyuma ya karatasi sikuwatambua, na mmoja nadhani ni kiatu.

Nakuachia hawa: wale wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, uchukue waliozaliwa tangini, si waliovuliwa. Mmoja mdogo wa kujichimbia mchangani. Kamba mmoja msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Huyo huwapanda samaki na kuwachokoa wadudu, nao husimama kimya kama wako kwa kinyozi. Konokono sita wa kulamba ukungu wa kijani kwenye kioo. Matumbawe nitakupa mimi, vipande vya hayo ninayoyakuza na kuyakata nyumbani kwangu. Usinunue kwa mtu yeyote aliyevunja mwamba baharini.

Vifaa: taa nzuri, na hapo usibanie, maana matumbawe yanakula mwanga. Pampu mbili za kusukasuka maji na moja ya kuyarudisha juu kutoka tangi la chini. Mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kubwa ikigoma kuzima itakupikia supu. Kipima chumvi, na vipimo vya maji. Mawe yenye matundu kilo ishirini na tano na mchanga mweupe. Chumvi ya matangi, si ya jikoni. Maji yaliyochujwa, si ya bomba, na usimwambie fundi bomba kwamba nimesema hivyo.

Sasa muda. Mwisho wa Machi unaweza kuweka konokono na kamba. Samaki, Aprili. Matumbawe, Juni au Julai. Mfugo wako wa kwanza si samaki, ni vijidudu usivyoviona vinavyokaa kwenye mawe na kula uchafu, na hivyo haviamrishwi na mtu. Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii na sijawahi kuyaharakisha maji yakanikubalia. Najua kwa nini una haraka. Hata hivyo, utasubiri.

Baba yako mdogo
(ambaye duniani kote ni mtu mmoja tu anayemwita Povu)


1 Machi

Povu,

Hatujambo huku. Binti yako ameniletea tangi la duka lake akalisimamisha katikati ya sebule kama nguzo, kiti changu kimehamia dirishani. Nimemwambia lisiegemee ukuta, fundi anahitaji kuzunguka.

Kazi yenyewe ndogo. La juu linamwaga chini, la chini linarudisha juu, elbo sita za kukunja bomba, pampu, basi. Mtu mwingine angeimaliza nusu siku. Mimi nimetumia siku nne kwa sababu nafanya vizuri. Haivuji hata tone. Dozi amekuja na vichupa vyake anapima maji kila jioni kama anampima mgonjwa mahututi, na humo ndani hakuna kitu, ni mawe tu. Namuuliza mgonjwa anaendeleaje, ananijibu kwa tarakimu.

Vifaa vya siku hizi ni vya kuchezea watoto. Plastiki tupu, ukiikaza inalia. Nimeongeza kitu kimoja cha kudumu, Dozi hajui, nitamwonyesha siku ya uzinduzi. Siku kitakapoharibika mimi nitakuwa nimeshaoza zamani.

Macho yangu mazima, usimsikilize mtu. Mwandiko umeharibika kwa sababu kalamu ya Dozi inateleza.

Kaka yako,
Fundi


8 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua nimeipata. Kalamu ya Dozi kweli inateleza, hata mimi nilishamwambia anunue nyingine. Siku nne kwa elbo sita ni kazi ya mtu makini, na hao wagonjwa wake wa kwenye benchi watakushukuru.

Ukae nalo jirani hilo tangi. Mawe nayo yanatazamika, yape muda tu.

Mdogo wako,
Povu


31 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimeua.

Nilisubiri kama ulivyosema, wiki tano. Vipimo vyote vilikuwa safi siku nne mfululizo. Chumvi sawa, joto sawa. Tarehe ishirini na sita nikaleta konokono sita na kamba, nikawazoesha maji kwa matone, saa mbili nzima. Baba aligeuza kiti kutoka dirishani. Alimtafuta kamba polepole, jiwe kwa jiwe, na alipompata alishika mkono wangu akaubana. Nimekaa na baba yangu miaka thelathini na nne na sijawahi kubanwa mkono hivyo.

Siku ya pili kamba alikuwa analala ubavu. Ya tatu alikufa. Konokono walidondoka kutoka kwenye kioo mmoja mmoja, wakalala chali bila kujifunga. Leo nimemtoa wa mwisho. Nimepima maji mara tisa na kila kipimo kinasema hakuna kasoro. Mimi ni mtu wa vipimo, na sijui nisome nini tena.

Nimemwambia Baba ni joto, kwamba hita ilizidisha. Akaniuliza, "Uliipima?" Nikasema ndiyo. Niambie nimefanya nini.

Dozi


6 Aprili

Mwanangu,

Hukufanya kitu. Nimesoma barua yako mara moja nikajua, kisha nikaenda kutafuta ile ya kaka ya tarehe moja Machi nikaisoma upya, na nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mdogo.

Kuna kitu ambacho vipimo vyako havikioni: shaba. Samaki anaweza kuivumilia kidogo. Konokono, kamba na matumbawe hawaiwezi kabisa, hata ikiwa ni chembe. Na shaba ikikaa kwenye maji ya chumvi inatoka yenyewe, siku baada ya siku.

Nenda ukafungue kabati chini ya tangi. Uyafuate mabomba kwa mkono mpaka mwisho. Kaka aliniandikia kwamba ameongeza "kitu cha kudumu" na wewe hujui. Ningeuliza swali moja tu, kitu gani, tungekuwa na kamba mzima leo. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika kutoona jinsi mstari wake wa nne ulivyopanda juu ya wa tatu.

Baba yako mdogo


11 Aprili

Baba Mdogo,

Nimeiona. Iko nyuma kabisa ya tangi la chini, ameifunika kitambaa safi. Koki ya shaba, nzito, imesuguliwa mpaka nikaona pua yangu. Upande ulio ndani ya maji umeota kijani. Nilikumbuka: ni ile aliyoihifadhi kwenye soksi miaka mingi, akisema hajapata kazi ya kuistahili.

Sijawahi kukagua mabomba kwa sababu mabomba ni eneo lake. Nadhani pia nilifurahi kuona kuna eneo ambalo bado ni lake.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie. Nitaitoa akiwa amelala mchana, niweke ya plastiki, niseme ilikuwa hita. Alikuwa ameshaacha kufanya kazi yoyote kwa mikono, Baba Mdogo. Hii ndiyo ya mwisho aliyoifanya akiwa anaona. Asijue kwamba ndiyo iliyoua.

Dozi


12 Aprili

Povu,

Nijibu kama mtu mzima. Dozi anasema joto. Nimeitia mkono hiyo hita, haina neno. Jana nilimsikia amefungua kabati la chini, akakaa humo muda mrefu, akafunga polepole.

Je, ni koki yangu?

Fundi


18 Aprili

Kaka, shikamoo.

Ndiyo. Ni koki yako.

Shaba na maji ya chumvi haviishi pamoja. Huku kwangu hata pete ya mkononi wanatuamuru tuivue kabla ya kugusa maji, na mwaka wangu wa pili kazini nilisahau kibano cha shaba kwenye mpira wa maji nikamaliza tangi zima, nikamwambia bosi ni umeme. Sasa unajua wewe peke yako. Hukujua, na hukuwa na sababu ya kujua. Mimi nilikuwa nayo. Uliniandikia kabisa kwamba umeweka kitu cha kudumu na sikuuliza.

Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nahesabu mistari yako inavyopanda na kushuka. Najua habari za macho yako tangu Februari. Nilijifanya sijui kwa kuwa ulitaka hivyo, na kwa kuwa ni rahisi kwangu pia. Dozi aliniomba nikufiche na hili la koki. Ataninunia, na ana haki. Lakini mtu akianza kukudanganya kuhusu bomba ulilofunga mwenyewe, kesho atakudanganya ni nani ameingia mlangoni. Huko ndiko kukaa gizani, kaka, na sitaki kuwa mmoja wa waliokuweka humo.

Mawe yote na mchanga vimeshanywa shaba. Vitupwe. Kioo kisuguliwe, mabomba yafungwe upya. Dozi hajui kufunga elbo.

Na tangi si la duka la dawa. Ni lako.

Mdogo wako,
Povu


6 Mei

Baba Mdogo, shikamoo, na hiyo shikamoo naitoa kwa sababu ya adabu tu.

Barua yako aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, karibu saa nzima, akigeuza kichwa kizima kulenga kila neno. Kisha akaikunja, akachukua sanduku la vifaa akalisukuma chini ya kitanda, akarudisha kiti dirishani na kukigeuza. Ni siku kumi na moja sasa. Anakula, anaitika, anaweka matone yake kwa wakati bila kukumbushwa, na hilo la mwisho ndilo linanitisha zaidi. Tangi ni maji na mawe. Nikipita karibu nalo naona nimejenga kaburi sebuleni.

Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja dogo la uongo. Wewe uko mbali, mimi ndiye ninayekaa na hiyo kweli yako asubuhi mpaka jioni.

Dozi


29 Mei

Baba Mdogo, shikamoo. Hii ni ya kweli.

Nisamehe ile barua. Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka dukani nikamkuta amevaa ovaroli, amelala chali mbele ya kabati, maji yameshamwagwa yote, mawe yako uani kwenye magunia. Koki alikuwa ameitoa mwenyewe. Alinipa mkononi akasema, "Peleka mbali na watu wanaofuga." Kisha akataka elbo mpya, na gundi, na nisome kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kila pakiti, mpaka jina la kiwanda, asikie kama kuna chuma chochote humo.

Anafunga mabomba huku amefumba macho. Nilidhani analala. Nikamgusa, akasema, "Niache, najizoeza." Anapapasa uzi wa bomba kwa kidole gumba, anazungusha, anagonga mara mbili, anasikiliza. Siku mbili na nusu na limekwisha, wakati mara ya kwanza lilimla siku nne akiwa amefumbua. Nilipomuuliza kama bado amekasirika, alisema wewe ndiye mtu pekee mwaka huu aliyemwandikia kama fundi. Basi nikajua mimi nilikuwa nasema naye kama nani.

Lakini tumetoka kliniki juzi. Jicho la kulia limefunga. La kushoto linakwenda haraka kuliko walivyodhani, na daktari sasa hataji mwaka, anataja miezi, na anaitaja michache. Nimepiga hesabu zako: mawe mapya, wiki tano au sita, wanyama wa kwanza Julai, matumbawe Oktoba au Novemba. Hatafika, Baba Mdogo. Ameshafunga mabomba ya tangi ambalo hataliona, na sijui nimwambie au niendelee kununua vifaa. Na safari hii siwezi kumficha, nimeapa. Nijibu mapema.

Dozi


4 Juni

Mwanangu,

Maji siyaharakishi. Hilo halijabadilika, usije ukadhani nimelainika. Lakini nimekaa nikakumbuka kwamba ninayo maji yaliyokwisha subiri. Miaka kumi na moja ya kusubiri iko hapa sebuleni kwangu, na mawe yake, na vijidudu vyake. Kwa muda mrefu nimekuwa nataka kulipunguza tangi langu, limekuwa kubwa kwa mtu mmoja. Nitapunguza, nilete.

Usinunue mawe. Nunua mchanga mpya na chumvi, utayarishe maji lita mia moja na ishirini, joto na chumvi viwe tayari Ijumaa ya tarehe ishirini na sita. Naambatanisha vipimo vya shaba. Yatie maji hayo tangini upime mara tatu, na fundi awe amesimama hapo ukisoma. Nimepata gari la mizigo la jirani. Ndoo zina vifuniko na pampu ndogo za betri, matumbawe yatasafiri majini, na mimi nitakaa nyuma nayo, maana dereva anapenda mashimo.

Mwambie kila kitu. Mwambie pia siji kumshika mkono. Nakuja kuangalia kazi yake ya bomba, na nikikuta panavuja nitasema.

Baba yako mdogo


21 Julai

Povu,

Anayeandika ni Dozi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akiongeza lake nitasikia kalamu inatembea wakati mimi nimenyamaza. (Sijaongeza kitu. D.) Hapo umeongeza.

Tumefurahi ulifika salama. Huku tangi linaendelea. Kamba wako alijivua gamba juzi, Dozi akaona ganda limelala mchangani akaanza kulia kabla ya kuhesabu, kumbe mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe amevaa jipya. Yale matumbawe ya vidole yamefunguka yote isipokuwa moja lililo karibu na pampu, lilikuwa linapigwa na maji mno. Nimegeuza bomba nyuzi kidogo, sasa nalo limefunguka. Wale wawili wa chungwa wamechagua pembe yao na wanamfukuza mkono wa Dozi akisafisha kioo. Hawanifukuzi mimi.

Jicho la kulia halina kitu. La kushoto, ukitaka kipimo, ni bomba la nusu inchi. Likifika robo nitakujulisha. Nilidhani nusu inchi haitoshi kwa bahari, lakini inatosha. Asubuhi nachagua jiwe moja, nalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kesho jingine. Kule kwako miaka tisa iliyopita nililiona tangi zima kwa mpigo, na sasa nikijiuliza niliona nini, hakuna hata samaki mmoja ninayeweza kukueleza sawasawa. Hawa naweza. Jiwe la kushoto, chini, lina mnyoo anayetoka na unyoya kichwani, ukipumua karibu na kioo anaingia. Hata Dozi alikuwa hajamwona.

Naogopa, usidhani siogopi. Naamka nashika ukuta kwanza kabla ya kufumbua, nijue upo. Lakini siamki nikiwa sina la kufanya.

Dozi amepiga hesabu ya ndoo. Wewe ulituambia umepunguza tu. Ndoo kumi na nne hazitokani na kupunguza. Sebule yako ina kioo kikavu na wewe umekaa unakitazama. Ungeniambia mlangoni ningekurudisha na gari lako, ndiyo maana hukuniambia, na wewe ndiye uliyenihutubia kuhusu ukweli. Asante, mdogo wangu. Sina neno kubwa kuliko hilo, nimelitafuta.

Basi na mimi nina uongo wa kurudisha. Ile asubuhi mliponikalisha kwenye kiti, Dozi kando yangu, wewe upande wa pili wa tangi umeinama unashika waya wa taa, mkawasha, mkaniuliza nimeona nini cha kwanza. Nikasema kamba. Mkafurahi wote wawili, Dozi akapiga makofi. Kamba nilimwona baadaye sana.

Jicho langu lilipita katikati ya mawe likatokea ng'ambo, na ng'ambo ulikuwa uso wako. Umekunja kipaji, unasubiri nijibu. Una mvi kwenye nyusi, Povu. Sikujua. Ulikuwa umeshakaa nasi siku mbili na nilikuwa nakusikia tu na kukupapasa bega, maana hutulii, kila nikikulenga umeshahama. Pale ulitulia. Nikakutazama mpaka nikatosheka, ndipo nikasema kamba.

Ningesema ni wewe, ungesogea.

Kaka yako,
Fundi